Maelezo ya Shahidi Kuhusu Miche Saba Chini ya Taa ya Zambarau

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwatima Haji Makame
Umri: Miaka 47
Kazi: Mfanyabiashara wa viatu na vifaa vya nyumbani, msafirishaji wa mizigo kwenda Zanzibar na Dar es Salaam
Makazi: Jengo C, ghorofa ya 9, nyuma ya Guangyuan Xilu, Guangzhou
Tarehe: Jumanne, 13 Mei 2025
Muda wa kuanza: Saa 4:10 asubuhi
Mpokea maelezo: Afisa Liang
Mkalimani: Bi Agripina, mwanafunzi wa shahada ya pili

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Nina akili timamu na nimekunywa chai.

Nimeishi mji huu miaka kumi na sita. Nilikuja na begi moja, nikawa nanunua jozi arobaini za viatu pale soko la Zhanxi na kuzibeba mwenyewe begani hadi stesheni. Leo najaza kontena tisa kwa mwaka. Sijawahi kuitwa kituo cha polisi ila kujiandikisha makazi, na kila nilipojiandikisha nilikuja siku mbili kabla ya muda kwisha. Naomba hilo liandikwe.

Mnamo Jumapili tarehe 2 Machi 2025, mfungo ukiwa mchanga, niliwafuturisha wenzangu kumi na wanne nyumbani kwangu. Katika vyakula palikuwa na bakuli la mboga ya majani kwa nazi. Kisamvu hakipatikani sokoni hapa, kwa hiyo nilipika majani ya viazi vitamu. Mfanyabiashara mwenzangu, Bwana Dullah, alionja, akaweka kijiko chini, akasema mbele ya watu, "Bi Mwatima, kisamvu gani hiki kinateleza kama bamia? Miaka yote hii Uchina, na wewe umeanza kuuza feki?" Watu walicheka. Mie sikucheka. Nilimwambia, "Sikukuu ya Kuchinja utakula kisamvu cha kweli kwangu, na utaomba radhi kabla sijakupakulia."

Tarehe 4 Machi nilikwenda bandari ya Nansha kufuatilia kontena. Nyuma ya maghala kuna mashamba madogo, na hapo nilimwona bibi mmoja wa Kichina akikata shina za muhogo na kuzitupa kwenye moto. Wao hula mizizi, majani na shina hawana haja nayo. Nilimuuliza bei. Aliniita laoban, yaani tajiri, akacheka, akanipa mzigo mzima bure, kwa kuwa alidhani nataka kuni. Nikazikata pingili ishirini na nne.

Nataka ieleweke kwamba sikuwa mkulima. Mie mtoto wa Michenzani, nimezaliwa ghorofa ya tatu. Muhogo niliujua ukiwa sokoni au sahanini. Nilizipanda pingili zote ishirini na nne siku hiyohiyo, kwenye vyungu vya plastiki visivyo na tundu chini, barazani kwangu. Nilimwagilia asubuhi na jioni, kikombe kizima kila chungu, kama mtu anayenywesha wageni.

Baada ya siku kumi na mbili hapakuwa na kilichoota. Nilizing'oa. Kumi na tatu zilikuwa zimeoza, zinanuka. Nilimpigia kwa video mdogo wangu Fathiya, ambaye analima Donge, Zanzibar, nikamwonyesha zilizobaki.

Alitazama kidogo tu. "Dada, hebu geuza simu. Au hiyo pingili ndiyo imegeuka?"

"Imegeuka vipi?"

"Vijicho vinatazama chini! Umeupanda muhogo kichwa chini miguu juu, wewe! Na hayo maji, unaupikia?"

Alimwita mumewe aje aone. Mume akamwita jirani. Nilisikia watu wasiopungua sita wakinicheka kutoka Donge, na bando ni langu.

Nilizigeuza kumi na moja zilizosalia. Nilitoboa vyungu tundu tano tano kwa msumari wa moto. Nilichanganya udongo na mchanga, sehemu mbili kwa moja. Niliviandika vyungu namba, kuanzia 1 hadi 11, na nikafungua daftari. Daftari hilo ndilo mlilolichukua jana. Ndani yake hamna siri: ni tarehe, kiasi cha maji, urefu wa mche kwa sentimita na rangi ya majani. Afisa Liang ameniuliza, "Mboga nani anaiandikia daftari?" Nimemjibu kwamba mtu asiyeandika hajui alipokosea, na mie nilikwisha kukosea mara kumi na tatu.

Hadi tarehe 2 Aprili zilichipua tisa. Mbili zilibaki vijiti.

Hapo shida zikabadilika sura. Baraza langu limetazamana na jengo jingine, mtu akinyoosha mkono anaweza kuazima chumvi, na jua linafika kama dakika hamsini kwa siku. Miche ilirefuka, myembamba kama uzi, ikainamia kioo. Kisha majani ya chini yakawa manjano. Niliwauliza wanawake wenzangu, kila mmoja akaja na dawa yake: mbolea, maziwa, majivu, Ayatul Kursiy. Nilitia mbolea, kijiko kizima, na ncha za majani zikaungua. Namba 2 ikafa, namba 8 ikafuata.

Zikabaki saba. Saba kwa ishirini na nne ni asilimia ishirini na tisa. Mzigo wa viatu ukinifikia hivyo namkamata mwenye kiwanda shati. Lakini hapa mwenye kiwanda nilikuwa mie.

Nikakaa nikafikiri kwa njia ninayoijua. Viatu vikibanduka soli, hubadilishi gundi, soli na fundi kwa siku moja, maana hutajua mkosa ni nani. Unabadilisha kimoja, unangoja. Basi nikaacha mbolea, nikangoja siku tano. Hakuna jipya lililoungua. Nikaacha maji ya kila siku, nikawa natia kidole udongoni hadi kifundo cha pili, kikitoka kikavu ndiyo namwagilia. Nikangoja siku tano. Umanjano ukasimama. Nikageuza majani nikakuta utitiri chini yake, wadudu wadogo kama vumbi jekundu, nikayafuta jani moja moja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Majani yalikuwa sitini na mawili.

Uliobaki ulikuwa mwanga. Hapa ndipo anapoingia Mwalimu Gaudence.

Gaudence ni mhadhiri, umri miaka 38, kwao Iringa, yuko hapa kwa ufadhili akisomea uzamivu wa ujenzi wa madaraja. Ana mke na watoto wawili nyumbani, na amebakiwa na miezi saba atetee tasnifu yake. Anaishi bweni la chuo. Jumapili huja kwangu kula, kwa kuwa nilimfahamu mwaka wa kwanza alipokuwa anaishi kwa tambi za maji ya moto, nikaona haya kumwacha.

Yeye ndiye aliyesema, "Bi Mwatima, hii miche inatafuta jua. Tuinunulie jua." Akaleta ile taa ya zambarau, na karatasi ya fedha ya kuokea nyama ili mwanga usipotee. Tukalifunika baraza pande zote. Tukaweka kifaa cha umeme kinachowasha taa kwa saa kumi na nne kila siku na kuizima chenyewe. Pia feni ndogo, shina lipate nguvu kwa kutikiswa.

Taa aliitundika yeye, karibu mno, majani yakajikunja. Niliipandisha mie mwenyewe hadi sentimita arobaini na tano. Hilo limo daftarini, tarehe 20 Aprili. Tangu siku hiyo miche haikurudi nyuma. Jumapili iliyopita mche mrefu kuliko yote, namba 4, ulikuwa na sentimita thelathini na nane na majani kumi na tisa, kila jani vidole saba vilivyonyooka, kijani cha kung'aa. Niliupiga picha nikampelekea Fathiya. Hakucheka. Aliandika, "Mashaallah," neno moja.

Mnamo Jumatatu tarehe 12 Mei nilikuwa Nansha, kontena lilikuwa linafungwa. Ufunguo nilimwachia Gaudence aje kuangalia udongo. Saa 2:05 usiku mlinzi wa jengo letu alinitumia ujumbe wa sauti kwamba polisi wamefika saa 1:30 jioni, wamechukua vyungu na wamemchukua "yule mrefu", yaani Gaudence. Baadaye nilielezwa kwamba jirani wa jengo la mbele alikuwa akiona mwanga wa zambarau kila siku, na majani ya vidole saba, na karatasi ya fedha, akapiga simu kusema kuna watu wanaootesha bangi.

Simlaumu sana. Nimejitazama kwa macho yake. Kila kitu nilichofanya kuiokoa miche ndicho kilichoifanya ionekane ya haramu.

Nilifika kituoni leo saa 3:20 asubuhi. Afisa Liang aliniuliza miche ni ya nani.

Nikasema, "Yangu."

Akasema, "Jana bwana mmoja alikaa kwenye kiti hicho, akasema ni yake peke yake, na wewe huijui."

Nikasema, "Bwana huyo ni muongo."

Bi Agripina aliniangalia. "Bi Mwatima, nitafsiri hivyohivyo?"

"Tafsiri. Usipunguze."

Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonipanda ni hasira. Siku sitini na tisa nimeilea, nimefuta majani kwa kitambaa, halafu mtu anakaa kitini anasema ni yake! Nilimwomba Afisa amuulize pingili zilikuwa ngapi mwanzo. Afisa akafungua karatasi zake. Alikwisha kumuuliza. Gaudence alijibu, "Kama thelathini hivi." Nikauliza, utitiri ulifutwa kwa kitu gani? Alijibu, "Labda dawa." Nikasema, haya, fungueni daftari, someni, kisha niulizeni mie bila kutazama. Wameniuliza habari za tarehe nane tofauti. Nimejibu zote nane.

Afisa Liang akafunga daftari. Akasema taratibu, na Bi Agripina akatafsiri taratibu, "Unafahamu kwamba ikiwa ni bangi, unajitia wewe mahali pake? Bwana huyo alituambia kibali chako cha ukaazi kiko mezani wiki hii. Alirudia mara mbili kwamba wewe usihusishwe."

Nilikuwa sijui kwamba anakumbuka habari ya kibali changu. Nilimtajia mara moja tu, tukila.

Niliomba maji. Nikapewa. Nikasema nimefahamu, na kwamba jibu langu ni lile lile: miche ni yangu. Yeye ana watoto wawili na miezi saba. Waliompima mkojo wamemkuta safi. Alichokosea ni uongo mmoja, na uongo wenyewe hata namba zake hakujua kuzipanga.

Kisha nikaomba vyungu viletwe. Vilikuwa vimepangwa koridoni, viwili vimelala ubavu. Namba 6 ilikuwa imevunjika jani, bila shaka garini, na kwenye mfuko wa kuibebea palikuwa na matone meupe yaliyokauka. Nilimwonyesha Afisa. Nikavunja kikonyo cha jani la namba 4 mbele yake, yakatoka maziwa meupe, yakanichuruzika kidoleni. Nikamwambia muhogo una maziwa, bangi haina. Nikafukua udongo kwa kidole, nikamwonyesha kipande cha shina kikavu, kinene kama kidole gumba, ambacho mche umetokea ubavuni mwake. Nikasema hii haikuota kwa mbegu.

Afisa mmoja mtu mzima alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Alisimama, akainama, akacheka. "Mushu!" alisema, yaani muhogo. Alieleza kwamba kwao shamba walilima, na mama yake majani alikuwa akiyatupa.

Nikamwambia Bi Agripina, "Mwambie mama yake ametupa mboga ya harusi."

Mzee huyo alicheka zaidi, akachuma jani changa akitaka kulitafuna. Nilimshika mkono. Najua si adabu kumshika askari mkono, lakini kisamvu kibichi kina sumu. Hutwangwa, huchemshwa hadi maji yabadilike, na nazi huja mwisho. Naomba iandikwe kwamba nilimshika kwa usalama wake.

Afisa Liang amesema maabara itathibitisha kwa siku tatu. Sina pingamizi. Naomba mambo mawili. La kwanza, Mwalimu Gaudence aachiwe leo na chuo chake kiandikiwe kwamba hana kosa, kwa barua yenye muhuri. La pili, katika karatasi zenu kila palipoandikwa "miche ya mtuhumiwa" pafutwe.

Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyatenda na kuyaona. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimesahihisha namba mbili, na sasa natia sahihi.

Sahihi: Mwatima H. Makame
Muda wa kumaliza: Saa 6:45 mchana

MAELEZO YA AFISA

Shahidi alikataa kutia sahihi mara ya kwanza kwa sababu ukurasa wa pili ulisomeka "miche ya Bw. Gaudence". Pamerekebishwa kuwa "miche ya shahidi". Bw. Gaudence ameonywa kwa kutoa taarifa isiyo ya kweli na ameachiwa saa 7:30 mchana. Barua kwa chuo imetiwa muhuri. Alipotoka alimwambia shahidi jambo kwa Kiswahili. Mkalimani anasema alimwomba radhi kwa kusema thelathini. Shahidi alimjibu kwa kumkabidhi chungu namba 6 akibebe, akamwambia ashike chini, si shinani.

Vyungu sita vimerudishwa. Chungu namba 4 kimebaki kituoni kusubiri majibu ya maabara. Shahidi alizunguka ofisi zote tatu na kukagua kila dirisha kabla ya kuchagua mahali pa kukiweka. Meza yangu imesogezwa.

Afisa Liang