Sindano Haipandi Ndege

Mama, shikamoo.

Nikikaa kusubiri uitikie nitaota mvi hapa, kwa hiyo naendelea. Ni mie Mwajuma, mwanao mkubwa, yule uliyekuwa unamtambulisha kwa wateja wako pale stendi kwa kusema, "Huyu ndiye mrusha tiara." Halafu unacheka peke yako. Wateja walidhani unatania. Mtu mzima, ana kitambulisho cha taifa, anarusha tiara!

Basi mrusha tiara wako amepanda ndege. Nakuandikia kutoka Cape Town, kwenye chumba ambacho dirisha lake linalia kwa upepo, na upepo huohuo ndio ulionileta. Nimepata kazi, Mama. Nitafundisha watu msimu mzima kusimama juu ya ubao majini huku tiara kubwa inawavuta, kama nilivyokuwa nasaidia kule Kigamboni, ila safari hii mie ndiye mwalimu. Sharti lilikuwa moja: kila mwalimu aje na vifaa vyake. Huna vifaa, huna kazi, unageuza ulikotoka. Na vifaa vyangu unavijua, vilikuwa vinalala chini ya kitanda chako kwa sababu chini ya changu kulijaa viroba vyako.

Ya nyumbani kwanza. Mdogo wangu Zuhura anakaa palepale pako Rangi Tatu, pembeni ya mabasi ya kusini, anafunga mizigo ya watu wa Lindi na Mtwara. Wateja wako wamebaki. Wachache wamehama, wale wenye maneno mengi, na hatujalia. Chamazi ni ileile, vumbi na kelele za mpira siku za mechi. Paka wako amenenepa, na jioni bado anakwenda kukaa getini kukusubiri. Hilo ndilo linanikata maini, Mama. Sie watu tumeshaelewa, yeye nani atamwambia?

Sasa nije kwenye sindano. Siku ile hospitali ulinishika mkono, nikajua leo napewa wosia. Ukasema, "Ile sindano yangu msiiache uani, itachoma mtoto wa watu." Basi. Wenzangu wanaachiwa kiwanja, mie nikaachiwa hilo. Nikaiokota uani, nikaiviringisha kwenye kipande cha kanga yako ya zambarau, nikalala nayo chini ya mto tangu tulipokuzika. Zuhura alinunua nyingine ya dukani, akawa anailaani kutwa nzima. Yako hakuidai. Alikuwa anaitazama tu, halafu anatazama pembeni.

Kwa nini aitazame, wewe unajua. Spoku ya baiskeli, ncha imechongwa kulabu, mpini wa mti umelika mahali pa kidole gumba chako. Ukichomeka, unavuta uzi kitanzi, kitanzi kinapita ndani ya kitanzi kilichotangulia, mpaka mdomo wa kiroba unafunga kabisa. Mwizi akichokonoa katikati, anachoka yeye. Lakini mwenye mzigo akijua fundo la mwisho liko wapi, analifungua, anavuta uzi, na mdomo wote unaachia kwa mkupuo mmoja. Ulikuwa unamnong'oneza mteja fundo liliko, kila mtu kwa zamu yake, utadhani unamtajia namba ya siri ya benki.

Na shukrani ulikuwa huzitaki pale stendi. "Ushukuru kitu gani na mzigo bado uko hapa? Ukifika, nipigie." Walikuwa wanapigaga kweli. Masasi, Newala, Kilwa huko. Tunakula, simu inalia, wewe na ugali mkononi, unasikia "Mama Mwajuma, mzigo umefika," unajibu, "Haya, ufungue taratibu," unakata. Hapo ndipo tonge linashuka vizuri.

Ndiyo maana siku ya kufunga vifaa vyangu nilikuwa sina wasiwasi. Wenzangu wa ufukweni walinijaza ushauri. Mmoja ati niseme ni vifaa vya gofu, ndege zinapokea gofu bila maneno. Nikamwambia braza, mie mtoto wa Chamazi, nikiulizwa swali moja tu la gofu nimekwisha. Nitasema ni tiara, na tiara itapanda.

Nilianza na mchanga. Nilikuwa nakusikia kabisa: "Kung'uta! Mchanga nao unalipiwa nauli." Nikaitandika tiara uani, nikaikung'uta, nikaifuta chumvi kwa maji baridi, nikaianika kivulini mpaka ikakauka. Nikatoa hewa yote kwenye mishipa yake, nikaikunja kuanzia pembeni kuja kati. Kitambaa chake chembamba, Mama, unakijua, ulikipapasa siku moja ukasema hiki hata shimizi hakifai. Ncha ndogo tu ikigusa, imechanika. Kwa hiyo nikafungua mapezi ya ubao kwa bisibisi, nikayavika soksi. Kila chenye ncha kivalishwe, si ndivyo ulivyokuwa unafunga masufuria ya watu? Ndani ya mfuko wangu mrefu wa turubai, ubao chini, tiara katikati, pampu ubavuni, na nguo zangu zote zikawa godoro. Nilikuwa na ruhusa ya mzigo mmoja tu, kwa hiyo mpaka magauni yalikuwa humo. Mkononi nilibaki na kipochi cha pasipoti.

Tatizo likabaki zipu. Chumvi ya bahari ilishaila siku nyingi, inafika nusu inagoma. Zuhura akasema tufunge kwa utepe wa gundi. Nikamwangalia. Utepe wa gundi, kwenye nyumba ya Mama Mwajuma? Nikaenda chumbani nikaichukua sindano yako.

Nilishona mwenyewe, Mama, mdomo mzima, na Zuhura amenishikia turubai. Mkono ulikumbuka. Nilipofika fundo la mwisho nililia kidogo, si sana, nikajifuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Zuhura akajifanya anatafuta mkasi.

Asubuhi tukapanda bajaji. Mfuko ulikuwa mrefu kuliko bajaji yenyewe, umetokeza pande zote, dereva anatuuliza kama tumebeba maiti. Zuhura akamwambia, "Tumebeba ajira ya dada, endesha."

Uwanja wa ndege wasindikizaji hawaingii, Zuhura akabaki nje ya vioo. Mie nikaweka mfuko kwenye ile mashine ya mlangoni inayotazama ndani ya mizigo. Kijana wa ukaguzi akausimamisha.

"Sista, hili bomba nini?"

"Pampu."

"Ya baiskeli?"

"Ya tiara."

Akanitazama juu mpaka chini. "Tiara ya kupeperusha?"

"Hiyohiyo."

"Fungua nione."

Akautazama ule mshono, akaanza kutafuta kisu, na nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Kuna mzee mmoja wa suti alikuwa anapumua kwenye kisogo changu kabisa. Nikamwambia yule kijana aweke kisu chake. Nikatafuta fundo letu, nikalifungua, nikavuta. Trrrrr! Mdomo wote ukaachia, uzi mzima mkononi mwangu. Foleni ikanyoosha shingo. Mama mmoja wa baibui nyuma yake akasema, "Makubwa haya! Hebu rudia." Ningekuwa nina muda ningerudia, Mama, maana nilivimba kichwa pale.

Kijana akaona pampu, akaona ubao, akabonyeza tiara kwa kidole, akasema sawa, funga. Nikatoa sindano kwenye kipochi, nikapiga goti palepale sakafuni nikaanza kushona upya. Nilishona haraka ungedhani basi la Newala linapiga honi. Nikafika mwisho, nikapiga fundo, nikasimama.

"Na hiyo?" anauliza. Anaonyesha sindano.

"Hii ya mama yangu."

"Haipandi ndege na wewe. Ina ncha. Iweke kwenye mzigo."

Mama, nikacheka. Nikamuuliza, nikiiweka kwenye mzigo, mzigo naufunga na nini? Akautazama mfuko, akaitazama sindano. Mama wa baibui akatoa shauri: bakiza kitundu, isukume ndani. Nikamwambia hapana mama yangu, humo ndani kuna kitambaa ambacho hata kucha inakichana, nikiiachia kulabu inazungukazunguka humo, kanga ikifunguka njiani, nitafika na matambara. Na hiyo ndiyo kazi yangu, yote iko humo. Yule kijana, kwa upole kabisa, akasema basi ninunue nyingine huko niendako.

Kicheko kikaisha hapo. Nilisimama na sindano mkononi na sikujua la kufanya. Nilikuwa nimepanga iwe nami, Mama. Nilishaona nitakapoilaza, chini ya mto mwingine, nchi ya watu. Ilikuwa ndiyo wewe niliyebaki naye. Mzee wa suti akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Binti, hatukuharakishi." Nikazidi kuchoka.

Ndipo nikakukumbuka. Mie na Zuhura tulikuwa tunakusumbua kila mwaka: Mama, mizigo ya Lindi unafunga wewe, na Lindi yenyewe huijui, panda basi siku moja ukaione. Ukatujibu huku umebana uzi kwa meno, "Nikipanda mie, na wao watafungiwa na nani?" Tulikuona mbishi. Pale kwenye foleni nikaelewa kwamba ulikuwa hubishi hata kidogo, ulikuwa unajibu swali.

Nikamwomba yule kijana anichungie mfuko. Nikatoka nje ya vioo. Zuhura alikuwa bado amesimama, macho yamekuwa mekundu, anajifanya anasoma simu. Nikamtia sindano mkononi pamoja na kile kipande cha kanga. Hakushtuka. Akaufunga mkono, akaniambia, "Nilijua itarudi stendi tu. Nenda, utaachwa." Huyo ndiye mwanao mdogo. Roho ngumu, umemzaa mwenyewe.

Nikapanda ndege mikono mitupu. Njiani kuna kubadilisha ndege, na hapo ndipo mizigo ya watu inapotea. Lakini nilikula chakula chao chote, nikaomba na maji ya ziada, nikalala. Niliukagua mshono mwenyewe. Ningeogopa kitu gani?

Haya, kuogopa niliogopa baadaye, nisikudanganye. Nilipofika, mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukabaki mtupu. Watu wote wakaondoka. Nikaanza kumtengenezea bosi maneno ya kumwambia. Kumbe mizigo mirefu inatokea mlango wa pembeni, na mfuko wangu uko hapo umeegeshwa ukutani kitambo, peke yake, mdomo umefunga kama nilivyouacha. Nikaukumbatia mbele za watu. Turubai linanuka uani kwetu.

Nilipofika chumbani nikatoa simu, kidole kikaenda chenyewe kwenye jina lako. Namba yako sijaifuta. Nikaitazama, nikairudisha simu mfukoni, nikakaa kitandani, nikalia vizuri sasa, kwa nafasi, hakuna wa kunitafutia mkasi.

Jana nimeirusha, Mama. Upepo wa huku hauna adabu, unakuvuta huku unakusukuma, lakini tiara imesimama juu haina hata mkwaruzo. Mwanafunzi wangu wa kwanza ni mama wa makamo, mwoga, anapiga kelele kabla hajaguswa na maji. Ungempenda. Namfundisha kama ulivyonifundisha kushona: namwachia akosee, namshika mkono mara moja tu.

Na leo Zuhura ametuma sauti. Anasema mteja wako wa Masasi, yule mnene wa vitenge, amefika stendi na viroba vyake, akaona mpini. Akasimama. Akasema, "Hii si ya mama yenu?" Zuhura akamwambia ndiyo, imerudi kazini. Yule mama akaketi juu ya kiroba, akakaa hapo mpaka vyote vikafungwa. Alipofika kwake akampigia Zuhura. Unajua alichomwambia.

Mama, kwa heri ya leo. Mfuko wangu uko hapa mdomo wazi na hakuna fundi wa huku nitakayempa aushone. Msimu ukiisha nitaurudisha Chamazi umefungwa kwa kamba, wanicheke wanavyotaka, na safari zote zitakazofuata utafungwa palepale pako, kwa sindano yako, na Zuhura. Nakuahidi. Na kila nitakapofika nitakwambia, ili tonge lisikukwame.

Lala salama, mama yangu. Mungu akupe nafasi na hewa safi huko uliko.

Mzigo umefika. Nimeufungua taratibu.

Mwanao,
Mwajuma