Deni la Chinatsu

Shizuoka, 9 Novemba

Mwanangu Takuma,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua kila baridi inapoingia. Wewe na ng'ombe wako huko Hokkaido hamjambo? Nguo nzito unavaa, au bado unajifanya kijana?

Ule mfuko uliotaka tuuanzishe kwa jina la marehemu mdogo wako Chinatsu, wa kumsomesha msichana mkimbiaji, watu wameuchangia kupita nilivyotarajia. Hata mzee Sugiyama wa baiskeli, bahili yule, ametoa. Nami nimewarudishia kama ilivyo desturi: kila nyumba chai ya thamani ya nusu ya ilichotoa. Nyumba mia na kumi na mbili. Mgongo unauma, lakini moyo umetulia.

Mama yako

Hokkaido, 20 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ng'ombe wazima kunishinda.

Hela za chai umezitoa wapi? Usiniambie ni za mfuko. Desturi ile ni ya rambirambi, Mama. Hawa hawakutoa kwa ajili ya maziko, wametoa ili mtoto wa mtu asome. Sasa mji mzima unakunywa chai na msichana hana ada. Mwalimu Nagai, aliyekuwa kocha wa Chinatsu, anataka jina la msichana huyo kabla shule hazijafunguliwa Aprili. Tafadhali acha.

Mwanao Takuma

Shizuoka, 2 Machi

Takuma,

Hujambo, baba? Nimenyamaza miezi hii yote kwa sababu ulinikera, na kwa sababu ulisema kweli.

Hela zilikuwa za mfuko. Zilizobaki zinatosha mwaka mmoja, si mitatu. Naona aibu kupita mbele ya shule.

Lakini nisikilize. Chinatsu alianguka mazoezini na miaka yake kumi na saba, hakumuaga mtu. Nikasema angalau asiondoke na deni. Kila boksi nililofunga nilisema, haya, huyu hamdai tena. La mwisho lilipotoka nikakaa chini jikoni. Sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia mwanangu. Niliogopa sana.

Mama yako

Hokkaido, 10 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako zizini, nikalia mbele ya ng'ombe.

Nimempigia Mwalimu Nagai, naye amezungumza na waliochanga. Watu wako tayari kuchanga tena, kwa sharti moja: usilete chai. Mzee Sugiyama anasema kabati lake halifungiki.

Waache watudai, Mama. Wanaodaiana hawapotezani.

Takuma wako

Shizuoka, 19 Aprili

Mwanangu Takuma,

Salamu. Magoti yamepata nafuu, majani mapya ya chai yameanza kuchipua.

Msichana amepatikana, Honoka, analelewa na bibi yake. Alikuja jana na sare mpya, akainama hadi nikahofia atapiga paji sakafuni. Akauliza, "Mama, nitakulipa vipi?" Nikamwambia hanilipi kitu, anisimulie tu amekimbiaje leo. Akasimulia saa nzima. Kumbe kilima cha hekaluni bado kinawatoa watoto machozi. Chinatsu alikuwa akikitukana kila jioni, nilikuwa nimesahau.

Alipoaga nilinyanyuka kumtafutia chochote cha kubeba. Mkono ulikuwa tayari kabatini. Nikaurudisha.

Ameondoka mikono mitupu, Takuma. Jumamosi anakuja tena.

Mama yenu