Breki na Mguu Wangu

Jumatatu, 24 Machi 2025

Breki amekufa. Moyo, wanasema. Jina lake Dagane, lakini hapa Garissa ukisema Dagane utaulizwa Dagane yupi. Beki. Mpira ulimpita mara nyingi. Mtu, mara chache.

Tumemzika baada ya alasiri. Joto la kuua, na sote tumefunga. Nusu ya waliokuja wanachechemea – kazi yake. Sheikh akasema kama ilivyo ada: aliyekosewa na marehemu amsamehe, alale salama. Wakajibu kwa pamoja, tumesamehe! Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Shuaib, yule muuza mbuzi, akaniona. Shuaib huona kila kitu isipokuwa biashara yake.

Jumanne, 25 Machi

Kanzu za Idd zimerundikana. Nakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Wa kulia aliumaliza Breki, wiki ile niliyokuwa niende Nairobi kujaribiwa na timu ya taifa. Sikwenda. Nikawa fundi.

Baada ya futari mashabiki wamejaa kibarazani kwangu kumkumbuka. Kila mmoja na kovu lake. Mmoja, wa Masalani, amepandisha suruali kutuonyesha goti – tukalisifu. Kisha wakafika kwenye mguu wangu. Shuaib anasema mfupa ulisikika hadi ng'ambo ya Tana, njumu yangu ikanasa juu ya mti. Wallahi aliona! Siku ile alikuwa Elwak akiuza mbuzi. Nikamwachia, hadithi ilikuwa nzuri.

Halafu Shuaib huyohuyo: "Lakini Salah, wewe ndio umebaki. Ile mguu, si usamehe tu?"

Nikasema nina kanzu za watu.

Alhamisi, 27 Machi

Sasa ni mtaa mzima. Muuza mkaa. Mama wa sambusa. Hata mteja aliyekuja kupimwa suruali amenihubiria, nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni.

Ebla, mjane wa Breki, yuko eda, hatoki. Amenipigia simu. Hakunilaumu. Anasema halali vizuri, kila akifumba macho anamwona mzee wake amesimama nje ya mlango.

"Mlango gani?"

"Yako."

Nikasema mtandao unasumbua.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi umeonekana. Kesho Idd.

Kila Idd Breki huja hapa akitoka kuswali, na chupa ya maziwa ya ngamia. "Salah, umenisamehe?" Namwambia bado. Anakaa. Tunakunywa, tunabishana. Eti aligusa mpira kwanza, mguu wangu ukafuata kwa bahati mbaya. Hakugusa! Adhuhuri anaondoka, mpaka Idd nyingine.

Hasira yenyewe iliisha zamani, sijui hata mwaka gani. Lakini ningesema ndiyo, angekuja kufanya nini? Na nadhani alijua. Alikuwa akiuliza huku ameshavua viatu.

Nina hamu naye, mkorofi yule. Sana.

Jumatatu, 31 Machi – Idd

Nimerudi kutoka kuswali, nikatoa vikombe viwili. Mazoea. Nikawa narudisha kimoja, mara hodi.

Nurto, binti wa Breki. Tangu mdogo huniita adeer, ami yake. Chupa ni ileile, yenye kifuniko kilichopasuka.

"Adeer, Idd mubarak. Hooyo amesema nikuulize ile kitu aabo alikuwa anauliza."

Ebla kamtuma na swali la babake. Nikamwambia aketi kwanza. Amekaa palepale pa babake. Ameshika kikombe, hanywi. Macho ni ya babake pia – yanaangalia mguu kabla ya uso.

Nimeingia chumbani, nimesema natafuta sukari. Maziwa haya hatutii sukari, na anajua. Neno liko mdomoni. Nikilisema, Ebla atalala, Breki atalala. Na Idd ijayo hakuna atakayepiga hodi. Breki atakuwa amekufa kweli.

Nasikia kikombe kinawekwa chini. Anaita:

"Adeer! Lakini si ni kweli aabo aligusa mpira kwanza?"

Hakugusa!