Krostoli za Maji ya Chungwa

Mama yangu kipenzi,

Februari imeingia tena huku ughaibuni, hapa St Marys, na mwaka huu hakuna aliyetubishia hodi na sahani ya krostoli.

Unakumbuka ulivyokuwa ulipokuja kwangu kutoka Tanga, baada ya kumzika Baba? Nikirudi kazini nilikukuta umekaa palepale nilipokuacha asubuhi. "Mwanangu, nirudishe kwetu," uliniambia. "Hapa hata wa kumpa salamu sina."

Ndipo Mama Rosina, bibi wa Kitaliano wa nyumba ya pili, akaja na sahani yake. Ulivitazama vile vipande vyembamba vya unga, vimekaangwa na kunyunyiziwa sukari laini, ukasema, "Lo! Si visheti hivi?" Kisha ukaninong'oneza: "Hebu muulize kakaangia nini, na ndani mna nini."

Hakuficha. Zamani kwao walikaangia mafuta ya nguruwe. Yeye hutumia ya alizeti. Lakini unga kaukanda kwa grapa, pombe ya zabibu, kama alivyofunzwa na bibi yake. Ukamrudishia sahani kwa mikono miwili. "Mwambie namshukuru sana, ila dini yangu hainiruhusu." Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake akarudi na sahani nyingine. "Hizi nimekandia maji ya chungwa," akasema. Ulikula huku machozi yanakutoka.

Tangu hapo jiko likawa lenu, na mimi mkalimani. Alitusimulia kwamba inasemekana Warumi wa kale walikaanga vitu kama hivi kwenye sherehe zao, na Wakristo wakaja kuvila kabla ya Kwaresima. Kwao Treviso ni krostoli. Mkwewe Paola, mtu wa Roma, akashikilia kuwa ni frape. Toskana wanaziita matambara, Milano porojo, na Genoa, eti, uongo! Ulicheka hadi ukashika mbavu. Sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo tangu Baba atutoke.

Ulipofariki pale hospitali ya Westmead, Mama Rosina alikuja msibani amejitanda khanga uliyompa. Haelewi neno, lakini alikaa na kina mama mpaka dua ya mwisho.

Sasa yuko kwenye makao ya wazee, na kumbukumbu zinamtoka. Jumapili nilimpelekea krostoli nilizokaanga mwenyewe. Hakunitambua. Akaonja, uso ukamchangamka. "Hizi ndizo za bibi yangu," akamwambia Paola. "Sisi tunakandia maji ya chungwa tangu enzi na enzi."

Paola alinitazama. Anajua chungwa lile liliingia kwa ajili ya nani. Akamfuta sukari mdomoni, akamjibu taratibu, "Ndiyo, Mama. Tangu enzi na enzi."

Nilitamani kukupigia simu papo hapo.

Jumamosi Paola anakuja na wanawe, tukaange pamoja. Wajukuu zako watanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao. Lakini kabla hatujawasha jiko watakuombea dua, na watakutaja kwa jina.

Pumzika, Mama. Mungu akunurishie kaburi lako.

Ni mimi,
kitindamimba wako