Kruzi ya Bwana Aflah Iliyogoma Kushika

UMOJA WA WAPANDA PIKIPIKI WASEMAO KISWAHILI, MASKATI

Kumbukumbu za kikao cha nne cha kamati, kilichofanyika Ijumaa, tarehe 11 Julai 2025, baada ya sala ya Magharibi, nyumbani kwa Mwenyekiti, Al Wattayah.

WALIOHUDHURIA
Bi Nasriya – Mwenyekiti
Bw. Safwan – Kiongozi wa Misafara
Bw. Maan – Mjumbe, Ufundi
Bw. Aflah – Mjumbe
Bw. Zachariah – Mjumbe
Bi Manal – Katibu

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Bw. Loay (zamu kazini)

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa Bismillahi na kuwashukuru wajumbe kwa kutoka katika joto lile. Alimwonyesha Bw. Maan kiti kilichokuwa wazi kando ya Bw. Aflah. Bw. Maan alisema mlangoni panamtosha.

KUMB. NA. 4/2: SAFARI YA SALALAH
Kiongozi wa Misafara alieleza kwamba maandalizi ya safari ya khareef, msimu wa manyunyu ya Salalah, yamekamilika isipokuwa jambo moja, nalo ni Bw. Aflah. Aliwakumbusha wajumbe kwamba Bw. Aflah alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, na tangu hapo hawezi kukamata eksileta kwa muda mrefu. Ndiyo sababu alinunua pikipiki yenye kidhibiti mwendo, ambacho wanachama wanakiita kruzi, ili chombo kishike mwendo chenyewe na mkono upumzike. Kruzi hiyo sasa haishiki. Alipendekeza Bw. Aflah asafiri katika gari la kusindikiza.

Bw. Aflah alisema kwamba barabara ya Salalah ameipita kwa pikipiki tangu baadhi ya wajumbe hawajazaliwa, na kwamba ndani ya gari la kusindikiza huwekwa maji na matairi.

Bw. Zachariah alisema, “Huyu mzee akiwekwa kwa gari, mimi pia siendi.”

Mwenyekiti aliagiza hitilafu yenyewe ijadiliwe kwanza, kabla ya watu kugawana viti.

KUMB. NA. 4/3: HITILAFU YA KRUZI
Bw. Aflah alieleza kwamba akiwasha kruzi, taa yake huwaka kwenye dashibodi kama kawaida, lakini akibonyeza ishike mwendo, haishiki. Fyuzi zilikaguliwa, zote nzima. Gereji moja ya Wadi Kabir ilimbadilishia swichi ya kwenye usukani bila mafanikio. Alisema haoni sababu nyingine ila zile taa za ziada alizofungiwa na “mtu wa ufundi”, kwa kuwa kabla ya taa hizo kruzi ilikuwa ikifanya kazi.

Bw. Maan alijibu kupitia kwa Mwenyekiti kwamba taa zile zina waya wake na fyuzi yake, hazikugusa waya wa kruzi, na kwamba maneno haya yameshasemwa mbele ya watu katika mkahawa wa Seeb pasipo yeye kupewa nafasi ya kujibu.

Bw. Aflah alisema hakumbuki kutaja jina la mtu. Bw. Safwan alisema jina lilitajwa.

Mwenyekiti alisoma kitabu cha maelekezo cha pikipiki hiyo. Kinasema kwamba kruzi hujizima breki inapoguswa, na haitashika kabisa iwapo chombo kinadhani breki imekamatwa. Aliuliza nani alikuwa nyuma ya Bw. Aflah katika safari iliyopita, ya Quriyat, na kama aliiona taa yake ya breki.

Bw. Safwan alisema aliyekuwa nyuma ni Bw. Maan.

Mwenyekiti alirudia swali. Bw. Maan alijibu kwamba taa ya breki ilikuwa ikiwaka kwenda na kurudi, bila kuzimika.

Hapo Bw. Aflah alimgeukia Bw. Maan moja kwa moja. “Uliona, hukunambia?”

“Ulinambia nisikiguse chombo chako wala nisikitaje,” alijibu Bw. Maan. “Nikakutii, Ammi.”

Mwenyekiti alisema kwamba taa ya breki isiyozimika ni hatari, kwani anayekuja nyuma hawezi kujua mwenziwe anafunga breki saa ngapi. Alitaja zile kona za milimani na malori yanayoteremka. Aliuliza kama Bw. Maan aliliwaza hilo.

Bw. Maan alisema, “Nliliwaza. Ndiyo maana nlikaa nyuma yake. Gari zote zilinikuta mimi kwanza.”

Bw. Safwan alithibitisha kwamba siku hiyo alimwita Bw. Maan mbele mara mbili akagoma, na kwamba alikusudia kuleta malalamiko juu ya utovu huo wa nidhamu. Aliomba malalamiko hayo yaondolewe.

Mwenyekiti alisema kumkinga mtu si badala ya kumwambia. Bw. Maan alikubali.

KUMB. NA. 4/4: UKAGUZI
Wajumbe walitoka kwenda uani. Pikipiki iliwashwa, na taa ya breki ikawaka bila mtu kugusa kitu. Kwa ombi lake mwenyewe, Bw. Maan alizichomoa zile taa za ziada. Hakuna kilichobadilika. Wenzo wa breki ya mbele ulichezeshwa, hali ikawa ile ile.

Bw. Zachariah alipoinama na kulinyanyua kanyagio la breki ya nyuma kwa vidole, taa ilizimika. Alipoliachia, likashuka kidogo, taa ikawaka tena. Ilionekana kwamba egemeo la kanyagio lilijaa tope kavu na chumvi, hivyo halirudi juu sawasawa, na swichi iliyo nyuma yake ilikuwa ikidhani mguu uko juu ya breki wakati wote.

Bw. Aflah alijaribu kuifungua nati ya kanyagio, mkono ukamkataa. Akamnyooshea Bw. Maan spana. Bw. Maan alilifungua, akalisafisha na kulitia grisi, na taa ikazimika. Bw. Aflah alikwenda barabara kuu na kurudi, Bw. Zachariah akiwa nyuma yake. Iliripotiwa kwamba kruzi ilishika, na iliachia mara breki ilipoguswa.

KUMB. NA. 4/5: UAMUZI
Kamati iliridhia Bw. Aflah aende Salalah kwa pikipiki. Kila mpanda pikipiki atakaguliwa taa ya breki kabla ya kuondoka, na anayeona hitilafu kwa mwenziwe ataisema hata kama hawasemezani.

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO
Bw. Aflah aliomba Katibu asiandike kwamba Bw. Maan aliona akanyamaza, kwa kuwa kumbukumbu hizi husomwa na wanachama wote na kijana ana heshima yake.

Bw. Maan alisema yaachwe yalivyo, kwa kuwa ni kweli.

Mwenyekiti aliamua yabaki. Bw. Aflah akasema, “Basi andika na hili, Bi Manal. Mimi ndiye nliyemfunga mdomo, na taa zake hazikuwa na kosa.”

Imeandikwa.

Hapakuwa na jingine. Wajumbe waliachana saa 2:25 usiku, adhana ya Isha ikianza.

Nasriya, Mwenyekiti ..............................
Manal, Katibu ..............................