Herufi Moja Iliyomsimamisha Kazi Mjomba Mmadi

Nyumbani kwa Zalia binti Mmadi,
Hell-Ville, Nosy Be.
14 Aprili 1963

Mpendwa dada Sittou,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Unguja, na shemeji Anli hajambo? Goti lake limepoa, au bado linamtesa akipanda ngazi? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila nimechoka uchovu ambao hata kulala hakuuondoi. Rabiata na watoto nimewaacha Majunga salama. Yule mdogo ameota meno mawili, na anamng'ata kila ambebaye.

Utashangaa kuona barua imetoka kisiwani Nosy Be, si Majunga. Nimekuja na meli ya pwani, nikitapika njia nzima, kumfuata mjomba Mmadi. Yuko hapa kwa bintiye Zalia tangu mwezi wa Ramadhani. Usishtuke, hajafa mtu. Lakini nina jambo la kukueleza na nina ombi, na yote mawili yananitia aibu.

Unajua tangu tupate uhuru Wafaransa wa kiwanda cha nyama wanaondoka mmoja mmoja, na kila aondokaye, kazi yake inatua mezani kwangu. Mwaka jana ikatua ya Kiingereza. Mkubwa wa kiwanda alipata mnunuzi wa makopo ya nyama huko kwenu, tajiri mmoja wa mtaa wa Malindi, na karatasi zikatakiwa kwa Kiingereza. Akauliza nani anakijua. Mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono, eti kwa sababu ninacho kile kitabu alichoniletea shemeji.

Dada, kitabu kile kimenizeesha. Kimepanga maneno kwa herufi zinazofanana, kama watu wa ukoo mmoja, na ukidhani wa ukoo mmoja wana tabia moja, umekwisha. Chukua ukurasa wa ‘ough’. ‘Though’ ni ingawa, husomwa dho. ‘Through’ ni kupitia, husomwa thru. ‘Cough’ ni kikohozi, husomwa kof. ‘Tough’ ni kigumu, kama nyama ya ng'ombe mzee, nalo husomwa taf. Herufi zile zile! Nikamuuliza Rabiata, hivi hawa Waingereza hawakupata kukaa chuoni wakachapwa bakora? Akanijibu nile kwanza, wali unapoa.

Ukurasa uliofuata ndio ulioniua. Maneno matatu yamekaa pamoja: ‘daughter’, ‘laughter’, ‘slaughter’. La kwanza ni binti, husomwa dota. La pili ni kicheko. Ungedhani ni lota, kumbe lafta. La tatu ni uchinjaji, na hapo sauti inarudi tena, slota. Baina ya kucheka na kuchinja pana S moja tu mbele, basi. Niliyarudia mpaka yakanitokea puani.

Sasa tajiri alitaka cheti kwamba ng'ombe wamechinjwa kwa sheria yetu. Na mchinjaji ni nani? Ni mjomba Mmadi, huu mwaka wa ishirini na mbili katika machinjio yale. Nikapiga cheti kwa taipu kwa mikono yangu, tena kwa maringo, kikatiwa muhuri kikaenda na makopo. Nilitaka kusema kwamba uchinjaji wote umefanywa kwa mkono wa Mwislamu, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nilichoandika ni kwamba kicheko chote kimefanywa kwa mkono wa Mwislamu, kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Cheka, dada, kama unataka. Tajiri hakucheka. Aliona dini inafanyiwa mzaha, akayarudisha makopo, akaandika kwamba watu wanaolichezea jina la Mungu nyama yao haiingii dukani kwake. Barua imekuja kwa Kiingereza, na wa kuifasiri ni nani? Mimi huyo huyo. Kosa langu nililiona mstari wa pili. Mkubwa amenisimamia kichwani, anauliza wanasemaje. Nikawafikiria watoto watano. Nikasema wana shaka na uchinjaji.

Hapo ndipo nilipomkosea mjomba, si kwenye ile S. Ile S ilikuwa ujinga, na mjinga hufundishwa. Huu ulikuwa woga.

Mkubwa akaenda machinjioni saa ile ile, mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia mjomba akae nyumbani mpaka jambo liangaliwe. Mjomba hakubisha, unamjua. Alifuta kisu, akakifunga kitambaani, akapita mbele ya dirisha langu akaniamkia vizuri tu, hajui kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wiki haikwisha akapanda meli kuja huku. Nami nikanyamaza Ramadhani nzima, nafunga, nasali tarawehe, kama mtu mwema.

Aliyenitoa huko ni Zalia. Aliniandikia kwamba jirani yao alileta mbuzi wa akika ya mwanawe mchanga, mjomba akamrudisha. Akasema tafuteni mwingine, watu wa Unguja wameutilia shaka mkono wangu. Na Idi ya kuchinja hiyo inakuja, wiki tatu hazifiki! Mtu aliyekuwa akiwachinjia nusu ya mtaa kila mwaka, safari hii akae ndani kama mwenye eda? Nikajiambia, mficha uchi hazai. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja.

Jana baada ya alasiri nilimweleza yote, kwa Kingazija, macho yangu kwenye mkeka. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliniambia nimwandikie maneno yale mawili karatasini, moja juu ya jingine. Yeye anajua herufi za Kiarabu tu, basi aliyafuata kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto, herufi kwa herufi, zote sawa, zote sawa, mpaka akaifikia ile S, na la juu yake halina kitu.

Akasema, “Soulé, tangu siku ile nawapitia ng'ombe mmoja mmoja kichwani, natafuta ni yupi niliyemsahaulia Bismillahi.”

Akaenda kutawadha.

Mimi mtu wa miaka arobaini na mmoja, dada, nililia kama mtoto. Zalia akajifanya anachambua maua yake ya langilangi.

Ombi langu ni hili. Humu ndani nimetia cheti kipya, nimekisoma mara kumi. Shemeji Anli akichukue kwa tajiri yeye mwenyewe, amweleze kwa Kiswahili, amwambie mjinga ni karani, mchinjaji hana doa. Makopo asipoyataka tena, shauri yake. Ila tajiri akikubali kumwandikia mjomba hata mistari miwili, kwa herufi za Kiarabu ili aisome mwenyewe, nawaomba iletwe kabla ya Idi. Mimi narudi Majunga Alhamisi kumwambia mkubwa ukweli, mbele ya watu wale wale wa machinjioni. Mjomba ametaka hivyo, na ni haki yake. Kazi ikienda, na iende. Rabiata bado hajui, na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko mkubwa wangu Mfaransa.

Nisalimie shemeji Anli, nisalimie mwanao Hayrat na mumewe, na bibi Bahia mwambie dawa yake ya kifua nitamtafutia. Zalia anakusalimu sana.

Nilikuwa hapa kwenye salamu, Zalia akaleta kuku uani. Siku zote hizi kuku wa nyumba hii anachinjwa kwa jirani. Leo mjomba ameinuka mwenyewe, akampokea, akamwelekeza kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti hata mtu wa nyumba ya pili akachungulia. Alipomaliza akanigeukia, kisu bado kimo mkononi.

“Umesikia?”

“Nimesikia, mjomba.”

“Basi andika kwamba umesikia.”

Nimeandika, dada. Nimesikia.

Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na amtie shemeji ulimi mwepesi mbele ya tajiri. Amin.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye na nikuchoshaye,

Soulé