Sakafu ya Ghala la Lusewa

Majengo, Songea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku tu wazima, na mama yako ameanza kuvuna mahindi.

Unaniuliza ufanye nini, maana msimamizi wenu huko Dodoma anataka mmwage zege la sakafu bila kutandika nailoni chini yake.

Nilipokuwa msichana nilibeba kokoto tukijenga ghala la mahindi Lusewa. Siku moja nailoni ilichelewa kufika, na zege lilikuwa limeshachanganywa. Fundi mkuu akasema, "Mwageni hivyo hivyo." Nikaingia ndani nikasimama katikati, juu ya kifusi.

"Toka, binti!"

"Sitoki. Unyevu utapanda, mahindi ya watu yataoza."

Akanifukuza kazi palepale, mbele ya watu, lakini wenzangu waliweka ndoo chini, hakuna aliyemwaga. Zege lile likaishia kwenye njia ya nje, sakafu ikasubiri nailoni.

Kazini sikurudishwa. Baada ya mavuno baba yangu alihifadhi magunia yake mle. Siku ya kuyatoa nilipapasa gunia la chini kabisa, nikalikuta kavu.

Kwa hiyo sema, mjukuu wangu. Ila wewe sema mapema, kabla zege halijachanganywa.

Ni mimi bibi yako,
Halima